Muundo wa anwani ya soketi

Muundo wa anwani ya soketi ni aina ya data katika lugha ya C inayobeba anwani ya mtandao ambayo programu hukabidhi kwa vitendakazi vya soketi, vikiwemo `bind`, `connect` na `accept`. Ulienea kupitia mfumo endeshi wa 4.2BSD, uliotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983.

Vitendakazi hivyo hupokea kielekezi cha aina ya jumla, `struct sockaddr *`, ilhali programu hujaza muundo mahususi: `sockaddr_in` kwa IPv4, `sockaddr_in6` kwa IPv6, au `sockaddr_un` kwa mawasiliano ya ndani ya kompyuta moja. Hivyo mwandishi wa programu hulazimika kubadilisha aina ya kielekezi. Sababu ni ya kihistoria: `void *`, kielekezi kisichofungwa na aina, kilisanifishwa mwaka 1989, utaratibu huu wa soketi ukiwa tayari umeshika mizizi.

Kiini cha mfumo endeshi hutambua muundo halisi kwa kusoma sehemu ya familia, mathalani `AF_INET` kwa IPv4. Hupewa pia urefu, kwa kuwa miundo hutofautiana: kwa kawaida baiti 16 kwa IPv4 na 28 kwa IPv6. Namba ya poti huhifadhiwa baiti kubwa ikitangulia. Kusahau `htons`, kitendakazi kinachopanga baiti za namba hiyo kwa utaratibu huo, ni kosa gumu kugundua, maana kikusanyaji hakitoi onyo. Katika `accept`, urefu wenyewe hupitishwa kwa kielekezi: kitendakazi husoma nafasi iliyopo, kisha huandika urefu wa anwani iliyopatikana. Pasipojulikana familia mapema, hutumika `sockaddr_storage`, yenye nafasi ya kutosha miundo yote.