Kaburu

Waliosikiliza Redio Tanzania miaka ya 1980 hawakupitisha wiki bila neno “makaburu”, yaani watawala weupe wa Afrika Kusini wa enzi hizo. Lilitamkwa kwa uzito, kama jina la ugonjwa. Ajabu ni kwamba ndani yake limo neno pole kabisa la Kiholanzi, boer, yaani mkulima.

Na hao wakulima hawakuwa Waholanzi watupu. Jan van Riebeeck alitia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 kuifungulia kampuni ya biashara kituo cha kuzipatia meli zake maji, mboga na nyama. Mwaka 1657 baadhi ya watumishi wakaachiliwa walime kivyao. Wajerumani walikuwa wengi humo, na mwaka 1688 wakaanza kuingia kwa wingi Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Ndiyo maana kaburu anaweza kuitwa du Toit au Joubert, majina ya Kifaransa, naye asijue neno la Kifaransa.

Kwetu Afrika Mashariki walifika pia. Mwaka 1908 msafara wao ulipanda na magari ya ng’ombe hadi Uasin Gishu, Kenya, ulipozaliwa mji wa Eldoret, ambao wazee bado huuita Sisibo, kutokana na namba ya kiwanja kwa Kiingereza: 64, sixty-four.