Spana ya Dirishani

Kwa zaidi ya miaka thelathini dirisha la chumba changu cha kusomea lilizuiwa lisipigwe na upepo kwa spana moja nyeusi. Ubavuni imeandikwa 1/4 W, na chini yake 5/16 BS. Niliikuta ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na wenzake saba, siku niliponunua pikipiki yangu mwaka 1978. Pikipiki hiyo ni Triumph Bonneville ya katikati ya miaka ya 1960. Aliyeniuzia ni mhandisi Mwingereza aliyemaliza mkataba wake na kutaka kupunguza mizigo. Wakati huo nilikuwa mkufunzi wa historia katika chuo cha ualimu, bado kijana, na nilitamani kuonekana kuwa si mtu wa chaki tu.

Spana zile nilizipima kwa rula jioni ile ile. Ile iliyoandikwa robo ilikuwa na mdomo uliozidi nusu inchi. Nikarudia mara tatu. Mimi ni mtoto wa futi na inchi. Shuleni tulichapwa kwa ajili ya robo na thumni za inchi, kabla nchi haijahamia kwenye mita na kilo, nami nikaja kuwafundisha wengine hizo mita na kilo. Robo inchi naijua. Kwa hiyo nikahukumu kuwa spana zote zina kasoro, nikazirudisha koponi, na moja nikaipa kazi ya dirisha.

Kabla sijasema hukumu ile ilimgharimu nani, nieleze kidogo pikipiki yenyewe. Jina la Triumph lilianzishwa mwaka 1886 na Siegfried Bettmann, Mjerumani kutoka Nuremberg aliyehamia Uingereza akauza baiskeli. Pikipiki ya kwanza ilitoka mwaka 1902, mjini Coventry. Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo kwa mabomu, kiwanda kikateketea, na mwaka 1942 kazi ikahamia Meriden, nje kidogo ya mji. Injini yenye silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, iliyo mzazi wa injini yangu, iliundwa na Edward Turner ikatolewa mwaka 1937. Mwaka 1956 Johnny Allen aliendesha chombo kirefu chenye injini ya Triumph kwenye jangwa la chumvi la Bonneville, Marekani, kwa kasi ya maili 214 kwa saa. Shirikisho la kimataifa lilikataa kuitambua rekodi ile. Kiwanda hakikujali, kikachukua jina la jangwa na kulipa pikipiki yake mpya ya mwendo kasi, iliyoonyeshwa mwishoni mwa mwaka 1958. Iliitwa T120, na hiyo 120 ni maili kwa saa. Mimi sikupata kuvuka nusu yake. Barabara zetu hazikuruhusu, na mke wangu pia.

Chombo cha namna hiyo kilimtaka mwenye nacho awe nusu fundi. Nafasi ya vali ya kuingizia hupimwa kwa sehemu mbili za elfu moja za inchi, ya kutolea nne, na hupimwa injini ikiwa baridi, asubuhi, kabla ya chai. Kasha la injini limepasuliwa wima katikati, nusu mbili kama kifuu cha nazi, na popote palipo na kiungo mafuta hutafuta njia. Kisha kuna mtikisiko. Pistoni mbili hupanda na kushuka pamoja, na mtikisiko huo hulegeza nati moja baada ya nyingine. Asiyekagua nati zake kila baada ya safari huja kuziokota barabarani.

Mwaka 1983 bolti mojawapo inayoshikilia injini kwenye fremu ililegea. Nilimwita kijana mmoja aliyejifunza ufundi kwenye kibanda cha baiskeli cha mjomba wake. Hajafika hata miaka ishirini. Tuliiweka pikipiki chini ya lile dirisha. Kijana akamwaga kopo juu ya gunia na kuanza kuchagua. Nikamwambia, “Achana na hizo, ni mbovu,” nikaingia ndani kuchukua seti yangu mpya ya milimita. Namba 13 haikuingia. Namba 14 iliingia, ikacheza. Akanitazama. Nikamwambia akaze tu. Pembe za nati zikaliwa mpaka ikawa mviringo kama kishungi. Ikabidi patasi na nyundo. Patasi ikateleza, na sikio la kasha la injini, ambalo ni alumini, likakatika kipande.

Wanachuo walikuwa wamekusanyika, kama ilivyo ada. Mbele yao nilimwambia yule kijana kwamba hatagusa mashine asiiharibu. Sikumlipa. Alifunga vyombo vyake kwenye gunia, akasema, “Samahani, Mwalimu,” akaenda zake. Pikipiki niliifunika mkeka nikaiweka stoo, nayo ikakaa humo miaka ishirini na minane.

Mwaka 2011, nikiwa nimestaafu ukuu wa shule, nilipata kitabu cha mafundi cha pikipiki ile. Mwishoni mwake palikuwa na jedwali la spana. Niliposoma mstari wa 1/4 W nilikwenda dirishani na miwani yangu.

Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi, yaani yale meno ya mzunguko yanayochongwa kwenye bolti na ndani ya nati. Kabla yake kila karakana ilikuwa na meno yake, na nati ya kwa fulani haikuingia kwenye bolti ya kwa jirani yake. Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akachukua wastani. Pembe ya jino ikawa nyuzi 55. Nayo spana ikatajwa kwa unene wa bolti, si kwa upana wa mdomo. Ni kama sisi tunavyomwita mwanamke Mama Asha. Ukienda kwa Mama Asha ukitazamia kumkuta mtoto mchanga, kosa ni lako. Mdomo wa spana yangu una sehemu 525 za elfu moja za inchi, yaani milimita 13.3. Ndiyo maana namba 13 ilikataa na 14 ikala pembe.

Lile jina la pili lina habari yake. Baadaye Waingereza walitoa bolti za meno membamba zaidi, zenye vichwa vidogo kwa daraja moja, hivyo spana ya robo ya Whitworth ikawa pia spana ya 5/16 ya aina hiyo mpya: mama mmoja, watoto wawili. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, mwaka 1941, vichwa vya Whitworth navyo vilipunguzwa daraja moja ili kuokoa chuma. Toka hapo kukawa na bolti mbili za unene ule ule na jina lile lile, zinazotaka spana mbili tofauti, kwa kutegemea kama zilichongwa kabla ya mabomu au baada yake. Nimefundisha vita hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini, kwa tarehe na majina ya majemadari, na hili sikulijua.

Tena pikipiki haikutumia aina moja. Watengenezaji wengi walianzia kwenye baiskeli, na wenye baiskeli walikuwa na kipimo chao tangu 1902, jino la nyuzi 60. Wamarekani nao walifuata pendekezo la William Sellers la mwaka 1864, pia nyuzi 60. Wakati wa vita, mafundi wa pande mbili zilizo marafiki hawakuweza kuazimana nati. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana kipimo kimoja, lakini viwanda vya pikipiki vilikwenda kwa mwendo wa kobe. Triumph ilibadilika polepole hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kipande hiki leo na kile mwakani, hata mashine moja ikabeba mifumo miwili au mitatu. Anayeifungua nyumbani hana budi kuijua historia yake, la sivyo atavunja kitu.

Wajapani walikuwa wakichonga kwa milimita. Honda CB750, iliyoonyeshwa Tokyo mwaka 1968 na kuuzwa kuanzia 1969, ilikuwa na silinda nne, breki ya diski mbele na kitufe cha kuwashia. Kasha lake lilipasuliwa kwa ulalo, kiungo kikawa juu ya usawa wa mafuta mengi, na mwenye nayo aliweza kuvaa suruali nyeupe. Haikumtaka awe nusu fundi. Mwaka 1973 wenye kiwanda cha Meriden walitangaza kukifunga. Wafanyakazi wakazuia malango, wakapata ushirika wao mwaka 1975, nao ukafa mwaka 1983. Jina lilinunuliwa na John Bloor, na pikipiki zinazolibeba leo ni za milimita kama nyingine zote. Huku kwetu ukiwa na spana namba 10, 12, 14 na 17 unaweza kufungua karibu bodaboda yoyote iliyopo kijiweni.

Kuitengeneza yangu kulichukua miezi mingi. Sikio la alumini nililipeleka mjini likachomelewe. Gasketi ya shaba ya kichwa cha silinda sikupata mpya, lakini kitabu kilieleza kwamba ya zamani hulainishwa kwa moto. Niliiweka kwenye jiko la mkaa mpaka ikaiva nyekundu, nikaitumbukiza majini. Chuma ukikifanyia hivyo huwa kigumu. Shaba huwa laini kama kaniki. Mke wangu alitaka kujua ni lini nitamrudishia jiko lake. Na umeme wa mashine hii ni kinyume: upande chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye fremu, na aliyezoea za kisasa huunguza vifaa kwa dakika moja. Safari hii nilisoma kwanza.

Nati zote niliziingiza kwa spana za kopo. Kila moja ilikaa kana kwamba ilikuwa ikiningoja.

Yule kijana nilimpata mwaka 2013. Ana gereji yake katika mji mwingine, na vijana wanne chini yake, na mvi zimeanza. “Shikamoo, Mwalimu,” aliniambia, akanipa kiti. Nikaweka spana mezani, nikaanza. Nilimweleza Whitworth, vita, robo isiyo robo, yote. Alinisikiliza kama mwanafunzi mwenye adabu anavyosikiliza somo alilokwisha kulisoma.

Nilipomaliza akasema, “Mwalimu, siku ile ulipoingia ndani kufuata zako, niliichomoa hiyo dirishani nikaijaribu. Ilikaa sawasawa.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ulishasema ni mbovu.”

Nilikuwa na bahasha mfukoni. Nikamwambia ni ujira wake wa mwaka 1983. Akauliza kama ni kwa shilingi za wakati ule au za leo, akacheka, akaipokea bila kuihesabu. Kisha akaichukua ile spana, akaifuta kwa tambara, akawaita vijana wake waje kuitazama. Niliiacha kwake. Nati zikilegea, humpelekea pikipiki. Dirishani siku hizi naweka jiwe.