Kuunga Chuma kwa Moto wa Umeme

Tangu zamani wahunzi walijua njia moja kuu ya kufanya vipande viwili vya chuma kuwa kimoja: kuvitia motoni hata viwe vyeupe, kisha kuvifua kwa nyundo mpaka vishikane. Njia hii yafaa kwa jembe na mkuki, walakini ni nani awezaye kuutia ubavu wa merikebu katika tanuri? Kwa hiyo mabamba ya merikebu za chuma yalitobolewa matundu, yakalazwa ukingo juu ya ukingo, yakafungwa kwa ribiti.

Njia mpya ilitoka Urusi. Katika miaka ya 1880 Benardos na mwenzake Olszewski waliyeyusha chuma kwa cheche ya umeme iliyoruka kutoka fimbo ya makaa. Mwaka 1888 Slavyanov alitumia fimbo ya chuma yenyewe, nayo ikayeyuka na kuujaza uungo. Lakini hewa iliharibu chuma kilichoyeyuka. Ndipo Kjellberg wa Uswidi, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1904, akaipaka fimbo dawa ambayo ikiungua hutoa moshi wa kuizuia hewa.

Basi na tuitazame mashine yenyewe. Ina waya mbili nene. Mmoja hubanwa katika chuma kinachotengenezwa, mahali palipokwanguliwa kutu na rangi. Wa pili hushika fimbo. Fundi hupima nguvu ya umeme kwa unene wa fimbo: fimbo ya milimita 3 yataka yapata ampea 100. Akizidisha, bamba hutoboka. Akipunguza, fimbo hunata, na uungo hukaa juu juu tu. Hujifunika uso kwa kinga yenye kioo cheusi, kwa sababu mwanga ule huunguza macho. Huikwaruza fimbo kama awashaye kibiriti, huiinua kidogo, na kuiongoza polepole. Mwisho huligonga ganda lililofunika uungo, aone kama kazi ni nzima.

Vita ya pili ya dunia iliipa kazi hii haraka kubwa. Kati ya 1941 na 1945 Marekani iliunda merikebu za Liberty zaidi ya 2,700, mabamba yao yakiungwa zaidi kwa umeme. Mnamo Novemba 1942 moja, Robert E. Peary, iliundwa na kushushwa majini kwa muda usiofika siku tano. Watu wakastaajabu. Lakini usiku wa tarehe 16 Januari 1943, merikebu ya mafuta Schenectady, iliyokuwa mpya kabisa, ilikatika karibu vipande viwili huko Portland, Oregon. Haikupigwa na dhoruba wala na adui. Ilikuwa imefungwa gatini, maji yametulia, na baridi ni kali.

Wengi waliwalaumu mafundi, na kweli nyungo nyingine zilikuwa mbovu. Lakini Constance Tipper wa Cambridge alionyesha ya kuwa chuma chenyewe, kikipata baridi, kiliacha kupindika kikavunjika kama kioo. Tena pembe kali za milango ya sitaha zilikuwa mwanzo wa nyufa nyingi. Katika merikebu ya ribiti, mara nyingi ufa hukoma ukingoni mwa bamba. Katika merikebu iliyoungwa kwa umeme mabamba yote yamekuwa bamba moja, na ufa hauoni mpaka wa kuusimamisha.

Watu hawakuiacha njia mpya kwa sababu hiyo. Waliviringisha pembe zile, wakaweka mikanda ya ribiti mahali pa hatari, na baadaye wakachagua chuma kistahimilicho baridi. Hata Schenectady yenyewe ilitengenezwa ikarudi baharini.

Hapa twaona jambo la kukumbuka kwa kila kazi ya kuunga. Vitu vikifanywa kimoja hushirikiana nguvu, lakini hushirikiana udhaifu pia. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.