Wakili na mashirika: historia ya madai ya fidia Kolwezi

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa sababu ya shaba, na mpaka leo mgodi na nyumba vinagombania udongo uleule. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Kwa hiyo familia inayoambiwa ihame inaingia kwenye mazungumzo ikiwa dhaifu, hasa ikienda peke yake.

Sheria ya Julai 20, 2001 ilifungua njia nyingine. Watu saba wanaweza kuunda shirika lisilotafuta faida, wakaandika kanuni zake na kuomba kutambuliwa na Wizara ya Sheria. Tangu hapo mawakili wa Katanga wana kazi mbili: kutetea watu mahakamani, na kusaidia mashirika kukusanya ushahidi.

Mmoja wao ni Maître Donat Kambola wa Kolwezi, kiongozi wa shirika la IBGDH, linalotetea utawala bora na haki za binadamu. Mwaka 2022 shirika hilo na Amnesty International walihoji watu zaidi ya 130 kuhusu miradi sita ya migodi Kolwezi na kandokando yake. Ripoti yao ilitoka Septemba 2023.

Mukumbi imo ndani ya ripoti hiyo. Kijiji hicho kilikuwa kwenye eneo la mgodi wa Mutoshi wa kampuni ya Chemaf. Wakaaji walieleza kwamba Novemba 7, 2016 askari walichoma nyumba zao. Baada ya maandamano, mwaka 2019 Chemaf ilikubali kutoa dola milioni 1.5 kupitia viongozi wa mahali. Kuna waliopata dola 300 tu. Kampuni ilikana kuhusika na uchomaji huo.

Wakati Mukumbi inaungua, sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilikuwa tayari inadai fidia ya haki. Iliporekebishwa mwaka 2018, kanuni zake za Juni 8 mwaka huo zilieleza hatua kwa hatua: kushauriana na watu, kulipa, kuwapa makao mapya. Kwa hiyo sheria ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuidai na karatasi za kuonyesha.

Jambo hili halijaisha. Cité Gécamines, penye wakaaji kama 39,000, inapakana na mgodi wa COMMUS, na familia nyingi zimekwisha kuondoka. Kazi ya mawakili na mashirika inawaachia wengine funzo moja: andikeni majina ya walio nyumbani, pigeni picha za nyumba na mashamba, tunzeni kila karatasi, wala msitie sahihi kwenye barua msiyosomewa. Hayo yafanyike kabla mashine hazijafika.