Virusi vya dengue (umbo)

Virusi vya RNA vinavyosababisha homa ya dengue, au kidingapopo, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Huenezwa na mbu Aedes aegypti, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye matairi chakavu na mapipa ya maji. Msongamano wa Kariakoo, Dar es Salaam, humfaa mno. Mwaka 2002 Richard Kuhn, Michael Rossmann na wenzao wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kuwa kirusi kilichokomaa kimefunikwa na molekuli 180 za protini E, zilizolala mbilimbili. Zikikutana na asidi ndani ya seli hujipanga upya tatutatu, utando wa kirusi na ule wa seli zikaungana, na RNA ikapenya. Hatua hii, ya ajabu kweli, ndiyo inayostahili kuzibwa na dawa. RNA hiyo hutoa protini 10. Mojawapo, NS5, huinakili.