Kuku hatagi? Mshike umkague kabla ya kukimbilia dawa

Wadau, mitaa mingi siku hizi ina watu wenye kuku watano sita nyuma ya jiko. Akiacha mmoja kutaga, wengi tuna majibu mawili tu: kisu, au antibayotiki ya kubahatisha dukani. Kabla ya hapo mikono yako inaweza kukuambia mengi.

MMOJA AU WOTE?
Kama banda zima limeacha kutaga ghafla, na kuna kukoroma, kuharisha kijani au shingo kupinda, shuku kideri. Mwite afisa mifugo haraka. Kama ni mmoja tu, endelea kusoma. Ila kumbuka, anayeatamia au anayenyonyoka manyoya haumwi, amepumzika.

DALILI ZA TATIZO LA UZAZI
- Anasimama wima, mkia chini, hataki kutembea.
- Anaingia na kutoka kiotani, anajikamua, yai halitoki.
- Tumbo limejaa huku kidari kimekonda.
- Mayai yenye ganda laini, au yasiyo na ganda kabisa.

JINSI YA KUMKAGUA
1. Mbane chini ya kwapa, mabawa yasipigepige. Usimlaze chali, kama ana maji tumboni anaweza kushindwa kupumua.
2. Papasa mifupa miwili myembamba kandokando ya tundu la kutagia. Kwa anayetaga vinapita vidole viwili au vitatu, kwa asiyetaga kimoja tu.
3. Angalia tundu lenyewe. Anayetaga lake ni pana na lina unyevu. Asiyetaga lake ni dogo na kavu.
4. Weka kiganja tumboni, chini ya tundu. Likiwa laini ni kawaida. Ukigusa kitu kigumu cha mviringo, huenda yai limekwama. Likicheza kama mfuko wa maji, tatizo liko ndani zaidi.

YAI KUKWAMA
Yai moja hutengenezwa kwa saa 24 hadi 26 hivi. Anayejikamua siku nzima yuko hatarini, anaweza kufa ndani ya siku mbili. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yafike tumboni, dakika 15 hadi 20. Mkaushe, paka mafuta kidogo ya kula kwenye tundu, kisha muweke peke yake mahali pa joto, giza na kimya. Usimkamue wala usivunje yai ndani, maana vipande vya ganda vinachana. Likigoma, mwite mtaalamu.

NYAMA KUTOKA NJE
Mtenge saa hiyo hiyo! Wenzake wakiona wekundu watamdonoa mpaka utumbo utoke. Vaa glavu, osha kwa maji safi ya uvuguvugu, paka mafuta, rudisha taratibu. Ikitoka tena, usirudie rudie, mwite mtaalamu.

KIINI KUDONDOKEA TUMBONI
Hapa kiini kinakosa njia, kinaangukia tumboni na kuoza. Tumbo linajaa, kuku anakonda na kuzubaa. Wengine hutoa donge la manjano lenye matabaka kama yai la kuchemsha. Hiyo ni dalili ya usaha kwenye mrija wa mayai. Haya hayatibiwi kwa kubahatisha, na wengi hawaponi. Hapo uamuzi wa kumchinja mapema ili asiteseke si ukatili, ila nyama yake usile.

KINGA
Mpe chakula cha kutagia, siyo mahindi matupu yanayomnenepesha. Weka chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa kwenye chombo cha pembeni, ale mwenyewe. Vifaranga wasipewe chakula cha kutagia, chokaa nyingi inaharibu figo zao.

La mwisho, na hili ni zito: kuku akipewa antibayotiki, soma kwenye pakiti siku za kusubiri. Mayai ya siku hizo usile, usiuze, wala usimpelekee jirani. Anayeyala ni mtoto wa mtu.

Mwenye swali au uzoefu wake atupie hapo chini, wengine wajifunze.