Mzigo Ndio Uliokaza Springi: Vyombo Vilivyoimarishwa Busia na Malaba

Pikapu kuukuu inayosimama nyuma juu mbele chini ikiwa tupu si jambo geni Busia wala Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda. Ukiuliza sababu, jibu la kwanza huwa barabara. Jibu hilo lina mashiko, kwani njia za vilima vya Samia na matope ya Budalang'i baada ya mto Nzoia kufurika yamevunja vyombo vingi. Hata hivyo, historia ya mpaka huu inaelekeza kwingine. Mafundi wa hapa walijifunza kukaza springi na kuchomelea fremu kwa sababu ya mzigo, na mzigo huo uliletwa na mpaka wenyewe. Tofauti hii ina uzito kwa kila mwenye gari la zamani anayefikiria kulibadilishia springi, maana anayekosea sababu hununua kifaa kisichomfaa.

Ushahidi wa mwanzo ni baiskeli. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia walianza kuwavusha watu na mizigo yao baina ya vituo viwili vya forodha, mahali ambapo msafiri aliyeshushwa upande mmoja alilazimika kujikokota na gunia lake hadi upande wa pili. Chombo chao kilikuwa baiskeli nzito ya chuma, iliyokusudiwa mwendeshaji mmoja na furushi dogo, na springi zake zilikuwa chini ya kiti tu. Fundi akaiundia karia imara ya chuma, akaifunga mto wa sponji, akaimarisha uma wa mbele. Umbali ulikuwa mfupi na njia haikuwa na mlima wa kutisha, lakini uzito ulikuwa mkubwa. Kisha Idi Amin akawafukuza Waasia mwaka 1972, na sukari, chumvi na sabuni zikaadimika Uganda. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapanda mno, na kahawa ya Uganda ikamiminika Kenya kwa magendo kupitia Chepkube na vipenyo vingine vya mpaka wa magharibi. Pale ambapo gunia moja lina faida kubwa upande wa pili, mtu habebi moja akiweza kubeba mawili. Hali hiyo inaonekana wazi zaidi katika baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu, zinazoendeshwa kwa mikono. Wafanyabiashara waliwatumia wavushe bidhaa kwa kuwa maafisa wa forodha waliwalegezea masharti, na vyombo vilivyobuniwa kumsaidia mtu kutembea vikapanuliwa na kuwa vya uchukuzi. Hao ni watu waliojenga riziki kwa mikono yao, na wanastahili nafasi kubwa zaidi katika historia ya uchukuzi wa Kenya kuliko wanayopewa.

Magari yalifuata mkondo uleule. Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi mwaka 1973, pikapu iligeuka basi, na Peugeot 504 ikawa kipenzi cha njia ndefu. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimekiri nguvu ya mzigo: 504 ya kawaida ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake, lakini ile ndefu ya familia ilipewa ekseli nzima na springi nne nyuma. Fundi wa mpakani anayeongeza bamba la springi anafuata mantiki hiyo hiyo.

Anayetetea hoja ya barabara atauliza: je, mashimo hayavunji springi? Huvunja. Lakini barabara mbovu hudai springi laini inayoshuka na kupanda kwa nafasi ndefu, ili gurudumu lifuate ardhi. Ndiyo maana Range Rover ya 1970 ilitoka na springi za koili, na Land Rover One Ten ikazifuata mwaka 1983. Kinachodai springi ngumu ni uzito, na Land Cruiser za kazi za jamii ya 70 zimebaki na springi za bamba nyuma kwa sababu hiyo. Tena, kama barabara ingekuwa chanzo, lami ingemaliza tabia hii. Badala yake, lami ilikaribisha mizigo mizito zaidi, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatunga sheria ya udhibiti wa uzito wa magari mwaka 2013, iliyoweka kikomo cha tani 56.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba huu ni uzembe unaoua. Nalikubali kwa sehemu. Bamba likiongezwa, uzito hauondoki. Huhamia kwenye fremu, ekseli, beringi na tairi. Shokomzoba ya zamani haiwezi kutuliza springi ngumu inaporudi, na gari tupu huruka hadi tairi lipoteze ardhi. Pikapu nyingi za zamani zina vali inayopima kimo cha nyuma ili kugawa nguvu ya breki. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, vali hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa, na breki za nyuma hupungukiwa. Kosa hapo si kuimarisha chombo. Kosa ni kuimarisha springi peke yake na kudhani kikomo cha gari zima kimepanda.

Kwa hiyo, mwenye Land Rover au Hilux ya miaka mingi, kabla ya kwenda kwa muuza springi, lipeleke gari lako kwenye mizani likiwa na mzigo wa siku ya kawaida. Likiwa ndani ya uzito wa kiwanda, badilisha springi zilizochoka na shokomzoba kwa pamoja, za ugumu uleule wa awali. Likizidi kidogo na kwa kudumu, ongeza bamba, rekebisha vali ya breki, kagua fremu. Likizidi sana, punguza mzigo au tafuta gari kubwa zaidi.